Ukungu

Ganda lilipasuka juu ya gazeti la mwaka juzi
nami nikabana pumzi.
Hizi si mbegu za kuhesabu. Ni unga, ni jivu la sigara;
chafya moja, zimeshafika Nachingwea.

Mnyuka ndiye aliyelileta, toka kwenye mvule walioulaza
kule ndani, msituni Rondo. Tawi lilikuwa chini,
okidi bado imelishikilia
kama mpangaji asiyeambiwa nyumba imeuzwa.
"Wewe umeosha chupa za maabara miaka ishirini na sita,"
akasema. "Haya, osha na hii."

Kunde huja na posho yake.
Korosho, hata ikiachwa na bibo, ina mafuta ya safari.
Hii imekuja mikono mitupu,
haina hata tonge la siku ya kwanza.
Porini huingoja kuvu, uzi mwembamba wa ukungu,
uipenye, uimege, kisha uilishe.
Mla nawe hafi nawe, tunasema;
kwa hii, asiye na wa kula naye hazaliwi.

Mimi sina kuvu hiyo. Nina jiko la mkaa.
Nilinunua mwani mkavu Lindi mjini, kwa kipimo cha kopo.
Muuzaji akauliza, wa mchuzi au wa sabuni?
Nikamwambia, wa kulea. Akanipunguzia bei,
nadhani alinihurumia.
Nikauchemsha na sukari, maji ya dafu, nusu ya ndizi mbivu,
nikamimina kwenye chupa kumi na nne za jemu,
nikazipika tena kwa mvuke mpaka vifuniko vikalia.
Mbegu nikaziogesha kwa jiki, nikazisuuza,
nikazipanda usiku, dirisha nimelifunga kwa kanga,
Somoe nimemkataza kuongea.

Siku ya tisa, ukungu.
Si ule wa Rondo, unaopanda alfajiri
na kulalia migomba hadi saa tatu.
Huu ni wa chupani: mweupe, kisha kijani, kisha mweusi,
ndevu zimeota ndani ya kioo.
Lugha yetu imewapa wote wawili jina moja
na sikuwahi kuwaza kwa nini.
Chupa kumi na mbili nikazimwaga nyuma ya choo.

Juni hiyohiyo mashine za salfa zikanguruma.
Kila mkorosho ukavaa vumbi la njano,
ubwiriunga ufe, maua yafunge, mnada uje.
Nyanya zikanuka, nguo kambani zikanuka.
Wilaya nzima inaua ukungu kwa pampu
na mimi nimepiga magoti nauomba mmoja, ule mwema,
ambao sura yake siijui.

Chupa ya kumi na tatu haikuota kitu.
Ya kumi na nne niliiharibu mwenyewe:
kipande cha gome, kidogo kama ukucha, kilidondokea ndani
nikaona uvivu kukitoa.
Miezi mitano baadaye Somoe akaniita. Pembeni mwa gome
vidonge vya kijani, vichwa vya pini,
na katikati yao uzi mweupe, umetulia,
haupiganii chochote.

Vilikuwa tisa. Miaka miwili sasa,
vina mizizi minene kuliko majani.
Ua, wanasema, ni mwaka wa tano au wa saba;
magoti yangu yana hesabu yake nyingine.

Jana nilikwenda kwa Likwata. Nikamwomba mkorosho mmoja
usipigwe salfa, nifunge wanangu kwenye panda yake.
Akauliza, hilo ua linazaa kilo ngapi?
Akaguna. Akanionyesha ule wa mpakani,
mzee, hata debe haufikishi.
"Huo nilishauacha," akasema. "Chukua na ugonjwa wake."

Nimeuchukua. Asubuhi hii uko peke yake, mweupe
katikati ya njano,
na ukungu umeushukia,
siwezi kukwambia upi.